Soketi Sita

Jumatatu, 6 Mei

Umeme umekatika tena! Ghorofa nzima ya shule ninayoichora (ngazi, vyoo, madirisha) imepotelea humo humo kwenye kompyuta. Mkandarasi kapiga simu: ramani Ijumaa saa sita, la sivyo kazi anampa mchoraji mwingine. Mke wangu anasema ninunue UPS, lile boksi la betri linaloshika kompyuta umeme ukienda. Sawa. Halafu anaongeza nimuulize kaka yake anichagulie. Kaka yake! Fundi umeme anayepima betri kwa kuzilamba. Nimekaa chuoni miaka minne, leo nikamuulize Mlamba Betri?

Jumanne, 7 Mei

Dukani. Muuzaji hajui wati wala volti, anajua kutabasamu. Namuuliza litashika dakika ngapi, ananionyesha taa za bluu. Bluu! Nikapiga hesabu mwenyewe kwenye kiganja: kompyuta wati mia tatu, skrini arobaini. Nikachukua kubwa, lenye soketi sita nyuma. Litashika dakika ishirini. Muda tele wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Watu ni wavivu wa kufikiri tu.

Jumatano, 8 Mei

Narudi kutoka saiti, namkuta Mlamba Betri chumbani kwangu! Mke kamwita kimya kimya. Kainama nyuma ya boksi, kikaratasi cha maelezo mkononi, anasoma kwa kidole.

"Shemeji, hizi soketi hazifanani. Tatu za upande huu..."

Nikamkata kauli. Soketi ni soketi, nikamwambia, na chai yako inapoa. Akacheka, akaenda zake sebuleni. Nimechomeka mwenyewe. Kikaratasi nimekitupa.

Alhamisi, 9 Mei

Kazi inateleza. Sijahifadhi tangu asubuhi, na kompyuta sizimi. Kuhifadhi-hifadhi ni kazi ya waoga.

Ijumaa, 10 Mei

Saa nne na nusu. Umeme umekatika. Boksi linalia pii, pii. Skrini inawaka vizuri kabisa. Kompyuta — kimya. Imezimika!

Nimetambaa chini ya meza na tochi. Nyuma ya boksi kuna maandishi madogo kama chawa: soketi tatu BETRI, tatu KINGA YA RADI TU. Skrini niliipa betri. Kompyuta nikaipa radi. Na nje hakuna hata wingu! Siku mbili za kazi, zote zimekwenda. Nataka kulia, mtu mzima mimi.

Naandika hapa hapa chini ya meza. Sauti sebuleni — si mkandarasi, ni Mlamba Betri. Kapita kuuliza kama boksi linafanya kazi. Mke anamjibu kwa fahari kuwa nilichomeka mwenyewe. Viatu vinakuja. Anagonga mlango.

"Shemeji, limeshika?"

Nimemjibu limeshika. Skrini, kwa kweli, imeshika.

Kasema hongera. Haondoki.