Joho la Wafula, Ngumi Yangu

Jumamosi, mtaani Tena. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi. Mkono wangu wa kulia umevimba, naandika kwa shida. Majina nimeyabadilisha.

Leo nimempiga Wafula mpaka jino likatoka.

Sisi ni timu ya watatu: mimi, Kerubo na huyo Wafula. Tunajiandaa kwa mashindano ya usuluhishi ya wanafunzi wa uzamili wa sheria. Kanuni nimezikariri kama sala. Ukishaapishwa kuwa wakili, huruhusiwi. Timu haipungui watu wawili. Majina yakishapelekwa, hakuna kuingiza mtu mwingine.

Wafula alitia saini kwamba yeye si wakili. Jana shangazi yake, jirani yetu hapa, akaweka picha mtandaoni: Wafula ndani ya joho jeusi siku ya kuapishwa, mwezi Machi, ukoo mzima umemzunguka. "Hongera wakili wetu."

Mchana tulikutana sebuleni kwa kina Kerubo kufanya mazoezi, nikamwonyesha. Angejitoa tu, mimi na Kerubo tungebaki wawili na mambo yangeendelea. Akacheka.

"Acha hizo, nani atajua? Na bila mimi utaambia jopo nini, na hiyo kigugumizi yako?"

Nina kigugumizi, ndiyo. Ngumi yangu haina.

Nilimpiga mdomoni. Akanikamata nywele, akanigonga kichwa ukutani, nami nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Tuliangukia meza ya kioo, ikapasuka. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilipoliona jino sakafuni nilitaka la pili.

Mama Kerubo alitoka jikoni na mwiko, akatuachanisha kwa kutucharaza wote wawili mgongoni. "Na nyinyi ndio mnasomea kupatanisha watu?"

Kerubo hakupiga kelele. Aliokota karatasi za kanuni kwenye vioo, akatusomea ya tisa: anayemjeruhi mwenzake anaondolewa. Wafula nje, mimi nje. Anabaki peke yake, na mtu mmoja si timu. Mwakani atakuwa amehitimu, hataruhusiwa tena. Alipomaliza kusoma akachukua ufagio.

Saa kumi na moja jioni Wafula akanitumia ujumbe: "Ukinyamaza story ya joho, nami nanyamaza ya jino. Nitasema niliteleza bafu."

Nilikaa na simu mkononi karibu nusu saa. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Kerubo. Nilimfikiria, lakini si yeye tu. Mimi pia nataka kusimama mbele ya lile jopo, nataka sana, tangu mwaka wa kwanza wa sheria.

Nimemjibu: "Sawa."

Naona aibu hata kwenda kunawa uso, maana kioo kiko pale pale juu ya sinki. Kama nilikuwa nitakubali tu, jino la mwenzangu nililivunjia nini?