Jina Walilolishangilia Lyon

Kanazawa, tarehe 14 Novemba

Kwa dada yangu Chizuru,

Salamu nyingi zikufikie huko Asahikawa, ambako najua theluji imeshaanza kukuzibia mlango. Huku kwetu bado ni mvua tu, ila misonobari ya bustanini wameshaifunga kamba zake za kujikinga na baridi, na sokoni kaa wamefika. Mama hajambo, goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujapungua nguvu. Baba ni vilevile: mkono wa kulia hauamki, maneno hayatoki, chakula anakula. Viazi vyako tulivipata. Mama aligawa nusu kwa majirani kabla sijaonja, halafu akaniuliza mbona sili. Natumaini shemeji mgongo umepoa na ameacha ubishi wa kuzoa theluji mwenyewe.

Dada, umezoea nikuandikie kadi ya mistari mitatu, kwa hiyo ukiona kurasa hizi usidhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Nina jambo la aibu, na kwa simu nisingeweza, maana ungenikatiza kwenye sentensi ya pili na mimi ningepata kisingizio cha kunyamaza. Nisome hadi mwisho, kisha unitukane utakavyo.

Unakumbuka lilivyoanza. Mwaka juzi kampuni moja ya michezo ya video ya Tokyo ilimwandikia Baba. Walitaka kuwachukua wahusika ishirini wa katuni za zamani, kila mmoja kutoka kitabu chake, wawakutanishe kwenye mchezo mmoja wapigane. Kwa Baba walimtaka yule binti muuza tofu aliyemchora, anayewachapa majambazi kwa mti wa kubebea ndoo zake za soya iliyogandishwa. Baba alikuwa ameshapata kiharusi, kwa hiyo karatasi zote zilikuja kwangu. Nilimsomea ile barua, akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka. Wewe kwenye simu ulicheka ukasema binti yule atatutangulia sote kwenda ng'ambo, maana sisi hata pasipoti hatuna.

Na kweli akatutangulia. Hapa nyumbani mchezo ule ulinunuliwa na wanaume wa rika langu, wakakumbuka ujana wao, basi. Ulikowaka ni Ufaransa. Vijana wa kule hawajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa vitabu vya Baba, kwa kuwa havikuwahi kutafsiriwa, lakini walimpenda muuza tofu kuliko mashujaa wote waliojazana mle. Wanajua anavyorusha teke. Wanajua anavyojipangusa mikono kwenye aproni akishashinda. Wamemshonea nguo zake wakazivaa. Bwana wa kampuni alinieleza kwa fahari kwamba kule watu wanadhani binti huyu alizaliwa ndani ya mchezo, hana kitabu, hana aliyemchora.

Mwezi wa Aprili wakanitumia video ya mashindano ya Lyon. Nikaipeleka kwenye nyumba ya wazee, nikamwekea Baba skrini mbele yake. Ukumbi ulijaa, watu elfu tatu wamesimama, wanaliita jina la muuza tofu kwa pamoja. Baba akaanza kupiga meza kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa, uso umemwiva, macho hayabanduki. Bi Kitade, muuguzi wake, alilia kwa furaha. Mimi nikamrekodi Baba akiwa vile nikakutumia. Uliniambia kelele za ukumbini ni nyingi, husikii wanasema nini, nikakujibu kwamba wanaita jina la binti. Uliniambia pia umeionesha video hiyo ukoo mzima wa shemeji.

Siku iliyofuata Baba aliashiria apewe karatasi. Akajikongoja kwa mkono wa kushoto akaandika herufi moja ya matamshi, *yu*, kalamu ikamdondoka. Unajua ile herufi: ndiyo inayochorwa kwenye mapazia ya mabafu ya mtaani, na yu ni maji ya moto. Basi wakampeleka kuoga. Kesho yake akaandika tena yu, akaogeshwa tena. Nikamtania kwamba uzeeni amegeuka kiboko. Bi Kitade alisema hajawahi kuhudumia mzee anayependa maji namna ile. Mama naye akasema mtu huyu nyumbani alikuwa akikokotwa kwenda bafuni kama anapelekwa polisi, leo tazama. Tulicheka, Dada. Tulicheka miezi miwili, mpaka mwenyewe akaacha kuomba karatasi.

Septemba ndipo mchapishaji wa Lyon alipotuandikia. Kwa kuwa vijana wamempenda binti kwenye mchezo, sasa wanataka kutafsiri vitabu vyenyewe, vyote kumi na vinne. Mfasiri ni mama wa Kifaransa anayeishi Kyoto, Bi Solène Carrec. Barua yake ya kwanza ilikuwa ya adabu kuliko zangu zote. Aliuliza jambo moja: kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza, pembeni ya jina la binti, kuna herufi ndogo za matamshi, nazo zinasema Yuki. Kwenye mchezo anaitwa Sachi. Je, familia inapenda lipi litumike?

Jina lenyewe unalijua, ni herufi moja tu, ile ya baraka. Mtu anaweza kuisoma Sachi, anaweza kuisoma Yuki, na hajakosea. Kwenye mchezo uliouzwa hapa nyumbani waliandika herufi hiyo tu, kila mtu akaisoma alivyoizoea, hakuna aliyelalamika. Wa kuuzwa nje ndio uliohitaji matamshi, ili mtangazaji alitaje na wageni walisome. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina linasomwaje. Aliyeujaza ni mimi. Niliandika Sachi, nikapiga muhuri wa Baba, nikaenda kula chakula cha mchana.

Mimi huyu, Dada, ambaye miaka ishirini na sita nakaa kwenye dirisha la manispaa, na kila mzazi anayekuja kuandikisha mtoto namuuliza: samahani, jina hili linasomwaje? Na akijibu harakaharaka namrudisha, namwambia hebu tuhakikishe, mtoto atalibeba maisha yake yote.

Sikuuliza kwa sababu ningekuuliza wewe, na wewe ungesema, Naomichi, ina maana hujafungua hata ukurasa wa kwanza? Sijafungua. Huo ndio ukweli. Shuleni waliniita mtoto wa tofu, wakinibonyeza mashavu waone kama yataingia ndani, na nikiwa na miaka tisa niliapa sitavisoma. Baadaye hasira ziliisha, lakini nikaona haya kuanza. Gazeti la hapa mjini liliponihoji nilisema nimekua na vitabu hivyo. Nilikua navyo kweli, kama mtu anavyokua na kabati la nguo.

Siku hiyo nikakishusha kitabu cha kwanza, nikafungua. Yuki. Herufi mbili ndogo, *yu* na *ki*, wala hazijifichi. Niliketi palepale sakafuni.

Kila asubuhi ya maisha yangu nimemsikia Mama akiweka wali mbele ya madhabahu ya nyumbani na kusema, Yuki, kula mwanangu. Dada yetu aliyeishi siku nne. Sijawahi kuliona jina lake limeandikwa, maana kwenye kibao chake kuna jina la marehemu alilopewa na hekalu. Kwa kuwa alizaliwa Januari nilijiamulia kwamba ni yuki ile yenye maana ya theluji. Kumbe Baba alimwandikia ile ya baraka, na alipomkosa mtoto akampa jina hilo binti wa kitabuni, ili liwepo mahali, watu wengine walitamke. Wewe ulilijua hilo. Mama analijua. Ni mimi tu niliyekuwa nakaa nyumba moja nanyi bila kujua.

Ndipo nikaelewa kuhusu karatasi. Mzee wa watu alikuwa anaandika jina la mtoto wake, mkono unamchokea kwenye herufi ya kwanza, na sisi tunamvua nguo tunamtia majini. Na ile video uliyowaonesha wakwe zako, Dada, nisamehe. Baba hakuwa anashangilia. Alikuwa anawakataza.

Ungedhani baada ya hapo nilifanya la maana. Sikufanya. Nilimjibu Bi Carrec atumie Sachi. Nilimwandikia kwamba wasomaji wa kule wameshamzoea hivyo na kwamba Baba mwenyewe ameridhia. Alifurahi, akaomba sentensi moja kutoka kwa Baba aiweke kwenye dibaji, kwa nini alibadilisha. Nikaitunga. Nilisema Baba aliona Sachi ni jepesi kwenye ulimi wa mgeni. Nilimsemea uongo mtu asiyeweza kusema, na kila Jumapili nikaendelea kwenda kumlisha vipande vya tunda la persimoni nikiangalia kijiko.

Ilikuwa hivyo wiki tatu. Kisha Bi Carrec akaandika kuuliza kuhusu sura ya mwisho ya kitabu cha pili, pale baba kipofu wa binti anapomtafuta darajani. Alisema kurasa mbili nzima hazina neno lingine ila jina, mzee analiita, analiita, na mto tu ndio unaomjibu. Akauliza kama hata hapo aweke Sachi, kwa sababu yeye moyo unasita. Nikazifungua zile kurasa. Baba alizichora mikono yote miwili ikiwa mizima, na mimi nikamsikia anaita.

Nilimwandikia Bi Carrec kila kitu, pamoja na ile sentensi ya uongo. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema kitabu cha kwanza kimeshachapwa, hakirudi nyuma. Kuanzia cha pili ataitwa Yuki, na mwanzoni patakuwa na ukurasa wa kueleza kosa, kwa jina langu na sahihi yangu. Nimeshausaini.

Jumapili nilimwambia Baba. Niliinamisha kichwa mpaka sakafuni mbele ya kiti chake nikasema yote, na la maji ya moto pia. Kisha akaniwekea ule mkono wa kushoto kichwani, na sijui kama alinisamehe au alitaka tu niinuke, maana Bi Kitade alikuwa amesimama mlangoni anatuangalia.

Jana nikamwambia Mama. Alikuwa jikoni anamenya figili nyeupe, na hakugeuka hata nilipomaliza. Aliuliza ule ukumbi wa Lyon ulikuwa na watu wangapi. Nikasema elfu tatu. Akasema, watu elfu tatu, na hakuna hata mmoja aliyemwita mwanangu. Akaendelea kumenya.

Njoo mwaka mpya, Dada, tafadhali, na usinitetee kwake. Msalimie shemeji na watoto, na wale wakwe waambie ukweli kwa namna utakayoona inafaa. Jikinge na baridi.

Ni mimi mdogo wako,

Naomichi