Chupa Zilizong'aa Mno

Shoga, acha unachofanya. Nimejipalia makaa.

Unaikumbuka ile silikoni ya Dada Mtafiti hapa maabara? Ile ambayo ukiitia majini inajipanga yenyewe, inakuwa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji yanaingia ukungu wa buluu? Leo maji yametoka wazi kama ya bomba. Hakuna kifuko hata kimoja!

Bosi akamwambia mbele ya watu, "Binti, mwaka mzima unanipikia maji?" Mwaka mzima! Na Jumatatu Dada anatetea tasnifu yake ya shahada.

Sasa sikia. Chupa za jaribio hilo niliziosha mimi. Nikaona maji matupu hayatoshi, nikatia sabuni ya vyombo, ile ya ndimu. Ziling'aa hadi nikajisifu. Kusuuza nikalipua.

Na sabuni ndiyo inayovunja vile vifuko!

Dada kanigeukia, macho mekundu: "Mdogo wangu, wewe ulikuwepo. Nimekosea wapi?" Nikabeba chupa moja nikakimbia. Mimi, mwenye mdomo huu!

Nimejifungia chooni na chupa moja. Nimeinusa. Ndimu tupu.

Niombee. Naenda kumnusisha bosi.