Nilimpa Mwalimu Sauti Mpya, Sasa Anamkana Mwanawe

Kwako mshauri,

Nakuandikia kwa haraka na kwa aibu, maana ikifika Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Desemba, jambo nililoliharibu halitarekebishika tena, na hapa Meru sina mtu ninayeweza kumwambia. Majina nimeyabadilisha.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja mjini, na huko Kibirichia yuko mzee aliyenifundisha hesabu darasa la sita, nitamwita Mwalimu Mwongera, ambaye miaka miwili iliyopita alipofuka macho yote mawili kwa presha ya macho, na kilichomuuma kuliko giza lenyewe ni barua, kwa sababu binti yake Karwirwa anasomea uuguzi Uingereza na kila alipoandika ilibidi mtu mwingine asome, mpaka Mwalimu akawa analalamika, "Barua yangu wauza viazi wanaijua kabla mimi mwenyewe sijaijua." Basi nikamtengenezea kompyuta kuukuu, nikaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta niliopewa kwenye diski na rafiki wa chuo kikuu, na juu yake programu inayosoma maandishi kwa sauti, Karwirwa akawa anatuma barua pepe kwa ofisi yetu, mimi naiweka kwenye disketi bila kuisoma, maana niliapa sitazisoma, naipeleka Kibirichia, na Mwalimu anafunga mlango, anabonyeza kitufe na kusikiliza peke yake.

Shida ilikuwa sauti. Ile iliyokuja na programu ilikuwa ya Kiingereza, na iliposoma Kiswahili ilikuwa balaa, Mwalimu akaniambia, "Kijana wangu, mwambie huyo Mzungu ameze chakula kwanza ndipo anisomee." Nikatafuta mwezi mzima, nikapata sauti za bure za lugha nyingine, na katika zote ile ya Kihispania ndiyo iliyotamka a, e, i, o, u kama sisi, ila ilikuwa na vituko vyake, "jambo" iliita "hambo" na "mzee" iliita "mthee", na Mwalimu aliposikia "mthee", kama wazee wa kwetu wanavyotamka, alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema, "Mashine hii imezaliwa Kibirichia!" Nikaketi nikaandika kanuni moja moja za kurekebisha herufi, nikarekebisha j, nikarekebisha z, nikarekebisha w, nikasikiliza kwa masikio yangu mwenyewe, nikaona sasa inasoma kama mtu wa kwetu, na ndipo nilipokosea, kwa sababu Mhispania hatamki h hata kidogo, na sisi Wameru kwetu hiyo h haipo, tunasema "abari ya asubui" na maisha yanaendelea, kwa hiyo mimi sikuisikia inakosekana na Mwalimu naye hakuisikia.

Mwalimu ana mwana mmoja wa kiume, Mwirigi, anayefanya kazi Mombasa, na shamba la juu la viazi limeandikwa kwa jina lake, lakini walikosana pale alipomtaka baba yake aache Kibirichia akaishi naye, na hawakuzungumza mwaka mzima, mpaka Karwirwa alipoombwa aingilie kati. Mwezi wa kumi ikaja barua yake, nikaipeleka, Mwalimu akaisikiliza. Jumapili iliyofuata nikiwa nimeketi kanisani, Mwalimu alisimama, nikadhani anataka kushuhudia kuhusu mashine kama alivyofanya mara mbili kabla, watu wakaanza kunigeukia wakitabasamu, naye akasema, "Mwirigi si mwanangu tena. Siku nikifa asishike hata konzi moja ya udongo."

Nilikwenda nyumbani kwake jioni hiyo. Dada yake Cicily, anayempikia, alikuwa anambembeleza, "Kaka, ngoja basi aje aseme mwenyewe."

"Ameshasema. Safari hii hakuna aliyenisomea, Cicily. Nimesikia kwa masikio yangu." Kisha akaniambia, "Kijana wangu, bonyeza hapo nawe usikie."

Nikabonyeza. Sauti ikasema, "Baba, nimeongea na Mwirigi kwa simu. Ana kinyongo na wewe. Atauza shamba la juu. Atakuja Desemba mkae chini muongee." Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, mshauri, na pale kwenye kioo paliandikwa: "Hana kinyongo na wewe. Hatauza shamba la juu."

Mwalimu akauliza, "Umesikia?"

Nikasema, "Nimesikia, Mwalimu."

Hilo ndilo neno nililosema. Na si hilo tu. Kabla sijaondoka nilisema nataka kuisafisha mashine kidogo, nikaongeza kanuni ya h, kazi ya dakika tano, halafu nikaona kwamba akiisikiliza barua ile tena atasikia ukweli na atajua nilijua, basi nikaifuta, nikamwambia disketi imeharibika, naye akanishukuru. Wiki iliyofuata walikuja wageni wa shule moja ya vipofu kuiona mashine yangu, wakanipiga picha nimesimama kando ya Mwalimu, amenishika bega.

Sasa ameita ukoo wake wakutane tarehe kumi na tisa, siku ambayo Mwirigi atafika kutoka Mombasa, ili amkane mbele yao, na wewe unajua kwetu neno la baba mbele ya ukoo si la kuokota na kurudisha mfukoni. Nikisema, nitakuwa nimejiua katika mji huu. Nikinyamaza, labda wataelewana wenyewe wakionana ana kwa ana. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Haya, Meru


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Fundi, barua yako nimeipitisha mbele ya zote zilizokuwa mezani, kwa hiyo usinipotezee muda huo kwa kulisoma jibu hili mara mbili.

Nianze na lile ambalo si kosa lako. Hukuisikia h. Sawa. Wako watu watakaosoma ukurasa huu wakiwacheka Wameru, na hao nawaambia wafunge midomo: kila mtu husikia kwa sikio alilolelewa nalo. Mimi nimechapwa viboko shuleni kwa ajili ya herufi hiyo, na mwalimu aliyenichapa naye hakuweza kuitamka. Na kama unataka hasira, ninayo ya kukugawia: mataifa ambayo watu wake hawajai uwanja mmoja wa mpira yametengenezewa sauti kwenye kompyuta, na lugha ya nusu ya Afrika Mashariki haina hata moja, mpaka kijana wa Meru anaazima ulimi wa Mhispania ili mzee asikie barua ya binti yake. Ulichojaribu kilikuwa chema. Nakupa heshima yako yote kwa hilo, na heshima hiyo inaishia hapo hapo.

Maana kilichofuata si kosa la kompyuta. Mzee alikuuliza, "Umesikia?" na wewe uliona. Ukajibu swali la masikio ili usijibu la macho. Usiniambie ulichanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa haandiki kanuni ya h kwa dakika tano bila kukosea, kisha akafuta barua, kisha akatunga uongo wa disketi. Ulikuwa na akili timamu kuliko siku zote.

Na unajua ulichofuta? Mwalimu aliitaka mashine ili kati yake na binti yake asisimame mtu. Wauza viazi walikuwa wanazisoma barua zake, lakini angalau hawakuzichoma. Wewe uliapa hutazisoma, kisha ukazifanyia baya kuliko kusoma. Mzee anakushukuru, anakushika bega, mnapigwa picha. Picha hiyo iangalie vizuri kabla hujaniuliza tena juu ya jina lako mjini.

Eti labda wataelewana wakionana! Fikiri kidogo. Mwirigi atashuka kwenye basi akiwa amekuja kupatana na baba yake, atakuta ukoo mzima umeketi, na baba yake atamkana kwa kosa la kuuza shamba ambalo hajauza wala hana nia ya kuuza. Atakana. Ataonekana mwongo. Karwirwa ataulizwa, ataapa hakuandika hivyo, na barua haipo. Mwalimu atabaki akiamini kwamba watoto wake wawili wamekula njama dhidi ya kipofu. Hicho ndicho unachokiita kunyamaza.

Kwa hiyo sikiliza. Umesema barua ilipitia ofisini kwenu. Basi nakala yake bado iko huko, na usijaribu kuniambia haiko. Ichapishe kwenye karatasi leo. Kesho asubuhi panda Kibirichia, usitume mtu, usiandike barua, na usianze kwa mchungaji ili akutangulie kulainisha mambo. Mwombe Cicily akae nanyi, kwa sababu Mwalimu sasa atahitaji macho ya mtu ambaye si wewe. Cicily asome karatasi kwa sauti yake. Kisha irudishe barua kwenye kompyuta, ondoa kanuni yako ya h, mzee asikie. Iweke tena, asikie. Afanye mwenyewe kwa kidole chake, mara kumi akitaka. Ni lazima ajue kwamba masikio yake hayakumdanganya na kwamba hajaanza kuzeeka akili. Hilo ni muhimu kuliko machozi yako.

Baada ya hapo sema yote, kwa mpangilio: niliona, nilikwambia nimesikia, nilifuta, nilidanganya kuhusu disketi. Usichanganye na habari za Kihispania. Mzee aliyefundisha hesabu anajua kutofautisha kosa la kujumlisha na kosa la kuiba jibu.

Usimwambie Mwirigi wala Karwirwa kabla yake. Ni mwana wake, ni neno lake alilolitoa kanisani, na yeye ndiye atakayeamua namna ya kulirudisha. Akikutaka Jumapili usimame mbele ya wale waliokugeukia wakitabasamu, utasimama. Asipokutaka, utaomba ruhusa usimame.

Halafu, kama bado atakuruhusu kuigusa mashine, mwekee kitufe cha kulitaja neno herufi kwa herufi, ili siku yoyote akilitilia neno shaka alikague mwenyewe bila kukuita. Sauti nzuri kuliko zote duniani haimfai mtu asiyeweza kuihoji. Hilo ungelijua mapema kama ungemuuliza mwenye kuitumia, badala ya kuridhika na masikio yako.

Najua unaogopa. Ningeogopa pia. Huenda akainua fimbo yake. Mzee haoni, Fundi. Ukisogea nusu hatua tu atakukosa. Usisogee.