Posa ya Rukia na Timu ya Zambarau

Jumatatu, 12 Mei
Nakaanga vitunguu. Salum kasimama mlangoni mwa jiko, ananieleza tena kwa nini timu yake ya mpira, Montearroyo, inavaa zambarau. Mwaka wao wa kwanza jezi nyekundu zilifuliwa pamoja na soksi za buluu, na hawakuwa na jezi nyingine. Hadithi hii nimeisikia zaidi kuliko ya harusi yetu. Mtoto wa Unguja, dereva wa basi, anakaa Sparkhill huku kwa Waingereza, roho yake iko daraja la nne Hispania. Yote sababu ya likizo ya huko: aliingia uwanja siyo, akaona haya kutoka.

Jumatano, 14 Mei
Watu wa mtaa wa Bordesley Green wamepiga simu. Wanakuja Jumapili ya wiki ijayo kumposa binti yetu Rukia. Kijana, Nassor, tunamjua. Ana adabu. Nimefurahi hadi nimeunguza wali.
Salum akauliza saa ngapi. Saa kumi. Kumbe fainali ya Montearroyo ya kupanda daraja ni siku hiyo, saa hiyo. Akauliza kama wageni hawawezi kuja Jumamosi. Nilikuwa na kisu mkononi.

Jumamosi, 17 Mei
Naogopa. Waposaji wa mwaka jana aliwasimulia jinsi upepo ulivyong'oa paa la jukwaa la Montearroyo likaangukia banda la kuku la mwenyekiti. Waliondoka kabla ya chakula. Hawakurudi. Rukia ananiambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, nimwache baba. Nimwache! Binti azeeke nyumbani?

Jumanne, 20 Mei
Salum ameapa. Hatataja timu. Simu yake nitaiweka kabatini kwangu. Skafu ya zambarau nimeificha chini ya godoro. Simwamini hata kidogo.

Jumapili, 25 Mei
Walikuja sita. Msemaji wao mjomba wake Nassor, Mzee Athumani, mtu wa Mombasa, uso kama kanywa shubiri. Sambusa hazikuguswa. Salum anatoka jasho, anatazama saa ya ukutani.
Mzee akamgeukia. "Na wewe bwana, ukitoka kazini washughulika na nini?"
Nikafumba macho.
Salum akaanza. Wafanyakazi wa kinu cha zeituni ndio walioianzisha timu. Wakaungana na mahasimu wao wa mji wa pili, wakagombania rangi ya jezi, wakaachana kabla msimu haujaisha. Daraja la pili walipanda mara moja tu, msimu uliofuata chini. Paa. Kuku.
Mzee Athumani akaanza kutikisika. Nikajua hasira. La, alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.
"Na sasa wako wapi hao?"
"Wanacheza fainali, mzee. Sasa hivi."
"Nasi twakaa hapa kutazamana? Washa TV, bwana! Posa haina dakika tisini."
TV yetu haina mechi hizo. Nikaenda kabatini kuitoa simu mwenyewe. Watu wazima wanane tumebanana juu ya kioo kidogo. Kipa wa zambarau, ambaye siku za kazi anauza dawa, akaokoa penalti. Nikapiga vigelegele. Mimi.
Dakika ya mwisho beki wa Montearroyo akajifunga kwa kichwa. Moja bila. Nyumba ikawa matanga.
Katika msiba ule Mzee Athumani akasema taratibu, "Basi tupeni mtoto, tusirudi mikono mitupu."
Salum, macho mekundu, akataka binti aulizwe mwenyewe. Rukia akasema ndiyo. Kwa Kiswahili.
Sambusa zikaisha zote.

Jumatatu, 26 Mei
Mapumziko. Mvua. Rukia bado amelala. Nyumba inanukia udi.
Salum amekaa sebuleni tangu asubuhi, hasemi neno. Hakuna zambarau, hakuna kinu. Kimya hiki ndicho nilichokuwa nikikiomba siku zote. Sikukipenda.
Nikampelekea chai, nikakaa karibu yake. Nikamwuliza kama yule kipa ana mke.
Akaweka kikombe chini. Anaye, akasema. Mwalimu.
Nikamwambia aendelee.