Redio Mbele, Mkamwana Nyuma

Mama Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niamkie wewe. Vyovyote iwavyo niokoe, maana nimechanganyikiwa mpaka juzi nimemimina chai kwenye betri, na maji ya betri nusura niyatie sukari.

Jina langu ni Asukile, wa Ilomba hapa Mbeya. Shule niliiacha nilipojua kusoma jina langu, niliona yaliyobaki ni majina ya watu wengine. Nina motokaa. Nilimwendeshea Mzungu mmoja wa dhahabu kule Makongolosi mpaka dhahabu ikamkimbia, naye akaikimbia Makongolosi, akaniachia motokaa badala ya mshahara. Ni kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini inakwenda, na anayejua inavyotaka kubembelezwa ni mimi peke yangu, wengine wote inawazimikia.

Sasa sikiliza. Mwanangu Gideoni kapata kazi huko kwenu Iringa, na mke wake Tusekile tunaye hapa Ilomba, ni mjamzito na tumbo limeshakuwa kubwa, na mimba ya kwanza ilimtoka kwenye lori lililokuwa likirukaruka mashimoni, kwa hiyo daktari wa huko Iringa, ambaye Gideoni alimweleza habari zake, amesema safari hii asipande lori wala basi, aletwe polepole kwa gari dogo akajifungulie huko. Gari dogo katika ukoo wetu ni langu, na dereva wake ni mimi, na mimi ni baba mkwe.

Hapo ndipo penye mwiba. Nyinyi wa Iringa sijui mnaishije, lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe ni kama jogoo wawili wa nyumba moja, akitokea huyu yule apite nyuma. Tusekile akiniona njiani anaingia migombani na kujifunika khanga, na mimi kabla ya kuingia uani kwangu mwenyewe nakohoa kwanza kama mgonjwa wa kifua ili apate nafasi ya kukimbia, na jina langu hajalitamka tangu aolewe. Mchungaji anasema hayo yamepitwa, sisi ni wana wa Mungu, tusalimiane tu. Wazee wenzangu wanasema nikikaa naye gari moja nitakuwa nimemvua mtoto wa watu heshima yake mchana kweupe. Nikimsikiliza mchungaji nakubali, nikiwasikiliza wazee nakubali pia, na nikiwa peke yangu sijui nimkubali nani.

Ndipo nikatunga akili yangu. Nikasema nitaning'iniza pazia la khanga kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, macho yamekwisha. Lakini masikio je? Mimi nikiendesha sinyamazi, naimba, natukana mbuzi walioko barabarani, na mkamwana hapaswi kuyasikia hayo. Masikio nayo yanataka pazia lao. Basi nikauza dume langu jekundu la ng'ombe, nikabaki na kengele yake mkononi, nikaenda mjini nikanunua redio ya gari, mpya kabisa, inang'aa kuliko gari lenyewe. Ikiimba kwa nguvu mbele, wa nyuma hanisikii na mimi simsikii, kila mtu na heshima yake.

Nikampelekea fundi Yotamu aifunge. Akaigeuza, akasoma nyuma yake, akanitazama kwa huruma. Akaniambia, "Mzee, motokaa yako ni ya volti sita. Redio hii inakula kumi na mbili." Nikamwambia aipe hizo sita iimbe nusu wimbo, hakucheka. Akasema zitafutwe betri mbili ziungwe, moja nyuma ya nyingine, kama ng'ombe wawili kwenye plau. Nikakubali, tukaunga, tukaunganisha na gari zima. Mama, taa ziliwaka nikadhani Bwana amerudi. Kisha zikapasuka glopu moja baada ya moja, honi ikalia bila kuguswa hadi ikaishiwa sauti, na stata ya kuwashia injini ikaruka kama punda aliyeumwa na siafu. Kuku wa Yotamu mpaka leo wanalala kwa jirani.

Yotamu akaunga upya. Akaweka glopu nyingine, akasema sasa gari linywe betri moja kama zamani na redio peke yake inywe zote mbili. Hapo redio ikaimba vizuri, ila ikiimba, taa zinasinzia, zinakuwa nyekundu kama kaa la kiko. Anasema dinamo ni ya volti sita, hailishi vyote, na ile betri ya pili hailishwi kabisa. Nichague taa au redio, au nisubiri dinamo kubwa na vitu vingine viagizwe Dar es Salaam. Lakini tumbo la Tusekile halijui habari za kuagiza.

Tusekile mwenyewe alituma neno kwa mke wangu Marta. Marta akanifikishia: "Mkamwana anauliza, akitaka gari lisimame atasemaje?" Nikajibu agonge kiti tu, mbona rahisi. Tukafanya jaribio. Marta akakaa nyuma ya pazia, yeye ndiye mkamwana, tukapatana anigongee tufikapo kanisani. Redio ilikuwa imekamata ngoma nzuri sana, mimi nikawa nacheza mabega. Kumbe mwenzangu anagonga kiti, anagonga mlango, amevua kiatu anagonga bati, na mimi nasema moyoni ngoma hii wanajua kuipiga. Tumekuja kusimama Uyole kwa sababu ya ng'ombe barabarani. Marta alikuwa hana sauti. Na kurudi jua limezama, ukungu umeshuka, taa ndizo zile zimesinzia, ikabidi Marta atangulie kwa miguu na taa ya chemli, mimi namfuata nyuma kama ndama. Nilicheka mpaka nikajigonga kwenye usukani. Yeye hakucheka.

Sasa Mama Mshauri, nifanye nini? Nisubiri dinamo? Niende na redio bila taa, au na taa bila redio nimvunjie mkamwana heshima? Fundi ananiambia volti, mchungaji ananiambia upendo, wazee wananiambia aibu, na kichwa changu nacho ni cha volti sita.

Ni mimi,
Asukile, Ilomba.

*

Mzee Asukile,

Shikamoo. Hiyo ndiyo heshima utakayoipata katika jibu hili, kwa hiyo ipokee vizuri.

Umenichekesha, sikatai. Nimecheka kuku, nimecheka honi. Nilipofika kwa Marta na kiatu chake nikaacha kucheka, na ningependa uirudie barua yako uone wewe umechekea wapi. Mke wako alikuwa nyuma yako akipiga bati kwa nguvu zake zote, na wewe ukacheza mabega. Yule alikuwa Marta, mzima, anayetaka kushushwa kanisani. Mweke Tusekile pale. Weka uchungu umemshika porini, kabla ya wakati. Pazia lako la masikio likifanya kazi vizuri kama unavyojivunia, siku atakayokuita wewe hutasikia. Hukununua heshima, baba. Umenunua uziwi, ukauza dume kuulipia.

Na yeye alishaliona hilo kabla yako na kabla yangu. Aliuliza swali moja tu, atasemaje akitaka gari lisimame, nawe ukalipita mbio kama ulivyolipita kanisa. Kurasa zote hizi umeandika habari za volti. Binti aliyepoteza mtoto kwenye gari anauliza gari litasimama vipi, unamwambia mbona rahisi!

Heshima yenu siichezei. Pazia libaki. Mimi ni mtu wa huku, siwezi kukaa Iringa nikawatungia Wanyakyusa namna ya kuishi na wakamwana wao, na mchungaji wako sishindani naye. Hayo mtayamaliza wenyewe mtoto akishalia. Lakini mtu anayemheshimu mwenzake hupunguza kelele zake. Unasema ukiendesha hunyamazi. Nyamaza. Mbuzi wa barabarani watakusamehe.

Nenda kwa Yotamu leo. Mwambie aitoe betri ya pili, airudishe motokaa kwenye volti zake sita ilizozaliwa nazo, akague nyaya zilizopigwa na ule umeme wa betri mbili siku ya kwanza, aweke glopu zinazostahili, na aijaribu dinamo taa zikiwa zimewaka. Redio ifungeni kwenye blanketi iwekwe kabatini. Simaanishi uitupe. Mjukuu akishazaliwa, agiza hivyo vya Dar es Salaam, mbadilishe dinamo, glopu, honi na kila kinachokunywa umeme, gari lote liwe la kumi na mbili. Gari halibadilishwi nusu, kama vile mtu habatizwi mguu mmoja.

Marta akae nyuma pamoja naye, na kama Marta amekukasirikia, mwombe radhi kwanza, usimbebe akiwa amenuna. Ondokeni alfajiri, jua likianza kushuka mtafute pa kulala Makambako, msisukumane na giza. Asubuhi yake mtapita Sao Hill, na ukungu wa pale unaujua. Hapo ndipo utakapozishukuru taa, kwa sababu mbele yako hakutakuwa na mke wa kutangulia na chemli.

Limebaki swali la Tusekile. Umeniambia umeuza dume ukabaki na kengele yake. Ifunge karibu na sikio lako la kulia au la kushoto, lolote linalosikia. Kamba ipite chini ya pazia, ncha yake aishike yeye, asiishike Marta. Ikilia, simama hapohapo. Usiulize kuna nini. Teremka, tangulia mbele, utazame milima, na usigeuke mpaka mkeo akuite.

Kengele ya ng'ombe, mzee wangu, haihitaji hata volti moja.

Mama Evarista, Iringa