Ukweli wa Zile Saa Tatu za Sala

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analalamikia chumvi, na jana alimfukuza muuguzi aliyetaka kumshika mkono kwenda msalani. Kwa hiyo amepona.

Uliniambia kwenye simu kwamba sifa zangu zimefika hadi kanisani kwenu: kwamba siku ya upasuaji wa Mama nilisali saa tatu mfululizo bila kutoka chumbani, na kwamba umeombwa ulisimulie jambo hilo mbele ya watu. Tafadhali usisimulie kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Unakijua kile chumba kidogo nyuma ya kanisa letu. Mtu akiwa hatarini tunagawana zamu: mmoja anaingia, anasali saa nzima, kisha anampisha mwenzake. Simu zinaachwa kwenye kikapu nje, na mlango haugongwi kamwe. Anayefuata anangoja mpaka aliyemo atoke mwenyewe. Mama aliingizwa chumba cha upasuaji saa tano. Zamu yangu ilikuwa saa sita mchana.

Nilipiga magoti. Baada ya dakika tano maneno yakaniishia. Kitasa cha ule mlango kilikuwa kikikwama mwaka mzima, na mimi kama ujuavyo ni fundi vitasa, bisibisi hainikosi mfukoni. Nikajiambia nitakitengeneza huku nikiendelea kusali. Nilifunga mlango ili nikijaribu, nikafungua kifuniko, springi ikaruka. Sikuona ilikoangukia. Bila springi ile mlango haufunguki, na hivyo nikawa nimejifungia ndani kwa mikono yangu mwenyewe.

Saa saba akaja kinyozi, yule mzee wa kanisa. Nilimsikia akikaa kwenye benchi. Saa nane akaja mwenyekiti wa akina mama, tunayemwita Kengele, na sababu ya jina hilo unaijua. Kinyozi akamnong'oneza kwamba leo kijana kazama kwelikweli, wamwache. Wakati huo kijana alikuwa kifudifudi chini ya kabati la vitabu vya nyimbo, akipapasa vumbi. Aibu ndiyo iliyoniziba mdomo. Ningewaambiaje kwamba Mama yuko chini ya kisu na mimi nachezea kitasa?

Kisha simu yangu ikaita kikapuni. Iliita mpaka ikakata, ikaita tena. Nilikuwa nimewapa namba hiyo watu wa hospitali. Hapo aibu iliniondoka. Niliupiga mlango ngumi na kuanza kuwaita wapokee. Kengele akaamua kwamba napambana na shetani, akaanzisha wimbo kabla sijamaliza neno la pili, kinyozi akamwitikia kwa sauti nzito, na sauti yangu ikafia humo humo ndani; kila nilipoita tena, wakaongeza ubeti.

Springi niliipata saa tisa kasoro dakika kumi, kwenye pindo la suruali yangu. Nilitoka nikivuja jasho, macho mekundu, magoti yamejaa vumbi. Kengele akanikumbatia. Nikapiga simu hospitali, nikaambiwa uvimbe wote umetolewa na Mama amezinduka. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili wenyewe. Mimi nikanyamaza. Siku ya tatu mchungaji akaniomba nifundishe kuhusu sala Jumapili.

Nilimweleza Mama kwanza. Alicheka huku ameshika mshono, akanikataza kuendelea mpaka apumue. Halafu akaniambia kwamba hata yeye, walipomlaza kwenye kile kitanda, sala ilimkimbia akabaki anahesabu taa za darini. Alijua itakuwa hivyo, ndiyo maana aliomba mapema wengine wamsalie. Akaniuliza kama kweli nataka kupewa cheo kwa kutafuta springi. Akanituma nikaseme upesi, kabla hawajaniandalia na kiti.

Jumapili nilisema yote. Kinyozi aliinama, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Kengele hakucheka. Alisimama akauliza kama basi saa zile zote hakuna aliyemsalia mgonjwa. Nilimjibu jambo ambalo wewe ulistahili kulisikia kabla yake.

Dada, tangu tumzike Baba nilikuwa sijasali. Ni miaka sita. Wewe ulifunga, mimi nilisali, akafa, nikaacha. Niliendelea kuongoza sala kanisani kwa sababu maneno nilikuwa nayo, na maneno hutoka tu hata kama moyo haupo. Hata uliponiomba nimwombee shemeji alipokuwa akingoja majibu ya vipimo, nilikujibu nimeomba. Sikuomba. Nisamehe.

Lakini simu ilipokata mara ya pili, nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, nikasema: Mungu, ninaogopa. Usimchukue na huyu. Na bado nina hasira na wewe. Ni hayo tu, bila hata amina. Nilirudia mpaka nikachoka, kisha nikakaa kimya, na kile kimya hakikuwa cha mtu aliye peke yake. Sidai kwamba ndicho kilichomponya Mama. Muuguzi aliniambia uvimbe ulikuwa umeshatoka tangu saa saba; simu ile ilikuwa ya kunipa habari njema.

Kengele alisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi zamu haikuwa tupu, akakaa.

Siku hizi nasali kabla ya kufungua karakana, sentensi mbili tatu, malalamiko yakiwa mengi kuliko shukrani. Nalala vizuri. Ukitaka kusimulia huko kwenu simulia, ila iwe hivi nilivyoandika.

Mama anakusalimu na anataka picha za watoto wakiwa wamechana nywele. Mpe shemeji mkono wangu, na umwambie jana nilimwombea, safari hii kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi vitasa